Mzunguko wa Pesa Ukikauka, Bei Huzungumzika

Mwenye nyumba wa Arusha ana swali moja asiloliuliza mpaka mambo yamwendee kombo: "Kwani wewe una shilingi ngapi?" Siku za neema hana haja nalo. Bei ni ile aliyoitaja, kwa miaka mingi ikiwa kwa dola, na kama huiwezi, dalali anageuza pikipiki akakuonyeshe chumba cha uani kwa mtu mwingine. Uchumi ukiyumba, swali linamtoka lenyewe. Na wanaoulizwa ni sisi tunaolipwa kwa shilingi na kuishi hapa masika na kiangazi.

Najua kuandika kwamba hali ngumu ina faida kwa mlaji ni kujitafutia matusi. Wapo ambao vyuma vilipokaza waliwahamisha watoto shule katikati ya muhula, na wapo waliouza kiwanja cha Muriet kwa bei ya shamba la porini. Siwacheki. Hoja yangu ni nyembamba na ni ya hapa hapa: Arusha ni mji uliozoea kumhesabu mgeni kwanza. Mgeni akipungua, mwenyeji anapanda cheo, anakuwa mteja. Kwa mtu ambaye kipato chake hakikuyumba, hata kiwe kidogo, cheo hicho kina hela ndani yake.

Mwaka 2020 ulituonyesha jambo hili bila chenga. Aprili, kwa sababu ya korona, ndege za abiria kutoka nje zilizuiwa, zikaruhusiwa tena 18 Mei, lakini anga kufunguliwa ni jambo moja na watu kuja ni jingine. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 walikuwa kama 620,000. Kwa mikoa mingine hizo ni takwimu za taarifa ya habari. Kwetu ni mshahara wa dereva, ni oda ya mayai ya mfugaji wa Usa River, ni mashuka ya lodge yanayofuliwa na dada fulani wa Sakina. Land Cruiser zilipangwa uani, zimetolewa betri, nyingine zikafunikwa maturubai kama zimefiwa.

Hapo ndipo makampuni ya utalii ambayo hayakuwahi kujibu ujumbe wa Kiswahili yalianza kutuma matangazo kwenye magrupu ya WhatsApp: safari ya siku moja Tarangire, gari, chakula cha mchana, kiingilio ndani, unaweza kulipa kidogo kidogo. Tarangire ipo kilomita kama 120 tu kutoka mjini. Kiingilio hakijawahi kuwa kikwazo kikubwa kwa Mtanzania. Hata Serengeti ni shilingi 10,000 kabla ya VAT, wakati mgeni wa nje analipa makumi ya dola. Kikwazo ni gari, dereva, mafuta na mahali pa kulala, na vyote hivyo vilikuwa na bei ya mtu aliyetoka Frankfurt. Mwaka ule vilipata bei ya mtu aliyetoka Ngarenaro, hapa hapa mjini. Walimu walienda, manesi walienda, vikundi vya vikoba vilikodi gari zima. Nawajua watu wazima, wazaliwa wa mjini hapa, ambao tembo wao wa kwanza walimwona mwaka huo, wakiwa na kuku wa kukaanga kwenye hotpoti.

Je, zile bei zilikuwa huruma? Hapana, na wala sikuhitaji ziwe huruma. Chumba cha hoteli kisicholalwa leo huwezi kukiuza kesho. Kiti cha gari kilichoenda tupu kimeenda. Nyumba isiyo na mpangaji inaendelea kudai mlinzi na mkata majani. Kinachoshuka bei haraka uchumi ukilala ni kile kisichowekeka, na Arusha ni mji unaouza kwa wingi vitu visivyowekeka: vitanda, viti, kumbi, nyanya. Muuza saruji anaweza kusubiri mwezi. Muuza nondo anaweza kusubiri mwaka. Ndiyo maana katika hali ngumu utapunguziwa ukumbi lakini hutapunguziwa bati, na wanaoshangaa kwamba ujenzi haukuwa rahisi mwaka 2020 walikuwa wanaangalia duka lisilo na haraka.

Nyumba ndizo nilizoziona kwa karibu zaidi. Mji huu ulishapata somo la kodi mapema, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipofunga shughuli zake mwisho wa mwaka 2015. Ilikuwa imekaa hapa tangu miaka ya 1990, ofisi zake zikiwa kwenye kituo cha mikutano cha AICC, na wafanyakazi wake walikodi nyumba za Njiro na Sakina kwa dola bila kukohoa. Mtu alikuwa anajenga nyumba ya vyumba vinne, kila chumba na choo chake, akiwa na mpangaji wa aina hiyo kichwani, mwenye familia ndogo na mshahara wa Umoja wa Mataifa. Walipoondoka, nyumba zilibaki, na zilikuwa kubwa mno kwa soko lililobaki. Pole pole zikaanza kuingiwa na familia za hapa, watoto sita na bibi.

Masika ya 2020 nilimsindikiza rafiki yangu, mwalimu wa sekondari, kuona nyumba huko Njiro. Dalali alitutangulia, akatufungulia geti kama ni lake. Mwenye nyumba, mama mstaafu, alitupokea barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Huyu amewaambia bei?"

"Ametuambia laki sita, mama, na miezi sita mbele."

"Ndiyo." Akaangalia nje. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. "Nyie mmejipangaje?"

Rafiki yangu akameza mate. "Mama, uwezo wangu ni laki tatu na nusu. Na nitalipa miezi mitatu mitatu."

"Laki tatu na nusu, na nyumba ina tangi la lita elfu mbili?"

"Mama, tangi ni zuri. Ila jikoni rangi imebanduka."

Mama akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa. Wakaishia laki nne, miezi mitatu, na jiko lipakwe rangi kabla ya kuhamia. Dalali alipata kodi yake ya mwezi mmoja kama desturi, ila ilihesabiwa kwenye ile laki nne, akanuna mpaka stendi. Sikumwonea huruma. Miaka yote ya neema yeye ndiye aliyekuwa anatuambia "dada, hapa usipolipa leo kesho hukuti".

Kitu kikubwa katika maelewano yale ni hiyo miezi mitatu kuliko hata laki mbili zilizopungua. Anayelipwa mwisho wa mwezi haumizwi na bei peke yake, anaumizwa na kudaiwa miezi sita kwa mkupuo, jambo linalompeleka kwenye mkopo wa mtaani wa riba ya kutisha. Masharti ya malipo yakilegea, hiyo ni faida ambayo haionekani kwenye takwimu zozote za mfumuko wa bei.

Kabla ya hapo tuliionja kidogo kuanzia 2016. Serikali ilipozuia taasisi zake kufanyia semina na vikao kwenye hoteli, mji wa mikutano ulipigwa mahali penyewe. Kumbi zilizokuwa zinajazwa na makongamano ya siku tatu zikabaki na viti vimefunikwa vitambaa vyeupe. Waliofaidi ni kamati za harusi. Anayejua kamati ya harusi ya kaskazini anajua ni chombo kisicho na huruma: mwenyekiti ni mjomba aliyestaafu, mhazini ni shangazi mwenye daftari, na kila mwenye ahadi ya mchango anafuatwa mpaka kazini. Miaka hiyo walikuwa wakiingia hotelini wakatoka na ukumbi wa bure kwa sharti la kuchukua chakula, tozo ya kuingiza vinywaji vyao imefutwa, na mtaalamu wa kukata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, anaruhusiwa kupita na mbuzi wake mlango wa mbele. Mwaka mmoja nyuma meneja yule yule alikuwa hapokei simu.

Lakini kuna sehemu ambazo uchumi ulale usilale, bei haikusikii. Mwezi Juni 2020 mafuta duniani yalikuwa yameporomoka na bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, kwa Dar es Salaam ilikuwa imeshuka mpaka karibu shilingi 1,500 kwa lita. Nilipanda vifodi, daladala ndogo za Arusha, miezi ile yote na hakuna konda aliyenirudishia hata shilingi hamsini. Nauli ina utaratibu wake LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu: mafuta yakipanda, wenye magari wanaandika barua, mafuta yakishuka, sijawahi kusikia wameandika. Bili ya maji vivyo hivyo. Ada ya shule binafsi ndiyo kabisa, hiyo inapanda hata watoto wakiwa nyumbani. Bei ambayo huwezi kuibishania uso kwa uso haijui kama kuna hali ngumu.

Moshi wana hali yao ndogo ya kuyumba ambayo huja kila mwaka kwa tarehe, na nashangaa watu wa Arusha hawaitumii. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani. Nauli za mabasi kutoka Dar zinaruka mpaka mamlaka zinasimama stendi kukagua tiketi, mbuzi anauzwa kama ana shahada, na sokoni Mbuyuni huwezi kupita na toroli. Ikifika wiki ya pili ya Januari, wenye magari ya namba mpya wamesharudi walikotoka, wenyeji wamebaki na ada za shule na madeni ya sikukuu, na mji unapumua. Nenda Memorial, soko la mitumba, wakati huo. Muuza mitumba aliyekataa kupunguza hata mia tano tarehe 22 Desemba atakuita toka mbali, "dada njoo, njoo uchague, leo tunaelewana", na koti la baridi atakuachia kwa nusu. Kiboriloni ni hivyo hivyo. Najua mtu anayenunua sare, viatu na makoti ya watoto wa familia nzima wiki hiyo moja, halafu haonekani sokoni mpaka Juni.

Sasa, isije ikaeleweka kwamba kila hali ngumu inashusha bei. Ipo ile ya wanunuzi kuadimika, na ipo ya bidhaa kuadimika, na hii ya pili haina zawadi kwa mlaji yeyote. Wazazi wetu waliishi ndani yake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bei zilikuwa chini, ndiyo, lakini kwenye karatasi ya serikali. Dukani hapakuwa na sabuni. Mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa tangu 1977 na haukufunguliwa mpaka 1983, kwa hiyo hata ile njia ya kuvuka kwenda kununua dawa ya meno Kenya ilikuwa ya kunyemelea. Mwaka huo huo wa 1983 Waziri Mkuu Sokoine, mtoto wa Monduli, aliwatangazia vita wahujumu uchumi, na sukari iliyokuwa imefichwa ikafichwa zaidi. Kilichomsaidia mlaji hatimaye ni serikali kulegeza kamba mwaka 1984, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi. Maduka yakaanza kujaa. Mlango wa mitumba nao ukafunguka katika miaka hiyo hiyo. Ukitaka kuwa na roho nzuri unaweza kusema hata shida ile ilimzaa Memorial, ila ilichukua miaka na foleni nyingi mno.

Mwaka 2022 ulikuwa wa namna hiyo hiyo ya pili. Vita vya Ukraine vilipandisha mafuta, petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita, mafuta ya kula na ngano vikafuata. Mifuko ilikauka na bei zikapanda kwa pamoja. Mwaka huo kamati ya harusi haikupunguziwa kitu, iliongezewa.

Na hata ile aina ya kwanza, yenye faida, ina bili yake inayokuja kwa njia ya ndugu. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Mavuno yalikuwa mazuri, bei ikaanguka, na ikaendelea kuwa chini msimu uliofuata pia. Mjini tulifurahi. Gunia la mahindi lilikuwa la kuokota, unga wa dona ukawa rahisi, mama ntilie akaongeza mwiko wa pili bila kuombwa. Kisha binamu yangu anayelima Kiteto akapiga simu. Alikuwa na magunia ndani, panya wanayala, na mnunuzi anayemtajia bei ambayo hairudishi hata gharama ya kukodi trekta. Alitaka hela ya mbegu na ada ya kidato cha tatu. Kile nilichookoa kwenye unga nilikituma Kiteto kwa simu, tena nikalipia na tozo ya kutuma.

Ndiyo maana wachumi wanaochora mlaji upande huu na mkulima upande ule wananichekesha kidogo. Katika familia nyingi za Arusha watu hao wawili wanalala nyumba moja wakati wa Krismasi. Mimi ni mlaji wa mahindi na ni benki ya mkulima wa mahindi. Dereva wa watalii aliyekosa safari mwaka 2020 ni mume wa nesi aliyepata Tarangire kwa bei nafuu. Faida ipo, sikatai, lakini haikai mfukoni kwa mtu mmoja kwa muda mrefu.

Kuhusu mabenki nitapita haraka kwa sababu hakuna cha kusimulia. Mwaka 2017 Benki Kuu ilishusha riba inayoyatoza mabenki kutoka asilimia 16 mpaka 12 mwezi Machi, kisha 9 mwezi Agosti. Mlaji aliyeenda kaunta akidhani naye atashushiwa alikuta riba ya mkopo bado inazungukia asilimia 17 na 18. Hapo nadhani tunafanana na wale abiria wa vifodi.

Kuna jambo moja linalonisumbua katika haya yote, nalo ni nani wa kumkaba bei. Mwenye nyumba ya vyumba vinne, mkabe. Meneja wa hoteli, mkabe mpaka aite bosi wake. Lakini nimeona watu wakichukua mbinu hizo hizo wakaenda nazo Tengeru siku ya gulio, jioni, kwa mama aliyebaki na mkungu mmoja wa ndizi na hiace ya mwisho inapiga honi. Anatajiwa theluthi ya bei na anakubali kwa sababu hawezi kurudi nao kijijini Poli. Huyo naye anauza kitu kisichowekeka, kwa hiyo kwa hesabu niliyoieleza huko juu ni sawa kabisa. Kwangu si sawa, na sina nadharia ya kuutetea msimamo huo zaidi ya kwamba mama yule hakuwahi kunitajia bei kwa dola.

Wageni wamerudi, tena kwa kishindo. Mwaka 2023 waliingia zaidi ya milioni 1.8 na mwaka 2024 wakapita milioni 2.1. Ni neema, na binamu za watu wamerudi kazini. Pamoja nao, matangazo ya "bei maalumu kwa wakazi" yamepotea kwenye magrupu mengi, na meneja wa ukumbi hapokei tena simu. Machi 2025 zilitoka kanuni za kukataza kutaja na kulipana bei za ndani kwa fedha za kigeni. Nilizifurahia, mpaka nilipoona kilichofanyika kwenye nyumba moja ya kupanga: bei ile ile ya dola imezidishwa kwa kiwango cha siku hiyo, ikaandikwa kwa shilingi, mpaka na senti zake.

Kwa bahati nzuri hatuhitaji janga kupata nafasi nyingine. Aprili na Mei mvua zinanyesha, kambi nyingi za porini zinafungwa, na biashara ya utalii inalala. Wenyewe wanaita lo sizoni na kuiogopa. Unayetafuta nyumba, tafuta wakati huo, nenda na kodi ya miezi mitatu mkononi, mwambie dalali kwamba umeshaona mbili nyingine, na ukague jikoni kwanza. Unayetaka Tarangire, kusanya watu sita wa ofisini. Na nyie wa kamati za harusi mnaong'ang'ania Desemba: Kwaresma ikishapita, kati ya Pasaka na mwisho wa Mei, kumbi zipo, wapishi wapo, na ndafu wa Mei hana tofauti na ndafu wa Krismasi isipokuwa bei.